Kutoka kopo la nyama hadi roketi: je, ni historia au hadithi tu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Njombe. Nimepata vile vipindi vya zamani vya televisheni vya James Burke, *Connections*, vinavyoeleza historia ya uvumbuzi. Niliwaonyesha vijana wa kidato cha tatu kipindi cha nane, huku nikiwatafsiria. Walikipenda mno. Lakini kilipoisha, pale Burke anapotoka kwenye chakula cha kopo hadi kwenye roketi, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni hivyo, si mtu anaweza kuunganisha chochote na chochote? Sasa hii ni historia au hadithi?" Nilikosa jibu. Mkuu wa idara naye anasema tunapoteza muda, kwa kuwa mtihani unauliza nani, lini na wapi. Nivitumie au niviache?

Jibu:

Mwalimu, kwanza mpe binti huyo pongezi zangu. Nimefundisha historia ya teknolojia miaka mingi, na swali lake ndilo ninalotamani kila mwanafunzi alibebe anapoingia darasani.

Vitumie. Ila usiwape wanafunzi mnyororo wa Burke kama mzigo wa kubeba mzima mzima. Wape waukague pete moja baada ya nyingine. Kila anaporuka kutoka kitu kimoja hadi kingine, simamisha picha na uwaulize: nani alimkabidhi nani nini? Kama kuna kitu kilichotoka mkononi mwa mtu kikafika mkononi mwa mwingine, iwe mashine, hataza (hati ya kisheria inayompa mbunifu haki ya alichobuni), fedha, fundi aliyehama au maandishi yaliyosomwa, hapo pete ni ya chuma. Kama mambo mawili yalitokea tu karibu karibu, pete ni ya karatasi, hata msimuliaji awe na ulimi mtamu kiasi gani. Burke ana pete za aina zote mbili, na mara nyingi hasemi ipi ni ipi.

Kwa wasiomfahamu: James Burke alizaliwa mwaka 1936 huko Ireland ya Kaskazini, akasoma Oxford, akawa mtangazaji wa sayansi wa BBC. Ndiye aliyewaeleza Waingereza safari za Apollo kwenda mwezini. *Connections* ilianza kurushwa tarehe 17 Oktoba 1978, vipindi kumi vya dakika 50 hivi kila kimoja. Hoja yake ni kwamba hakuna aliyewahi kubuni kitu peke yake akiwa amejifungia chumbani. Mtu hutatua shida iliyo mbele yake, na jibu lake linaangukia mikononi mwa watu wenye shida nyingine kabisa, ambao hata hakuwahi kuwafikiria.

Kipindi cha kwanza kinaanza na giza. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1965, kifaa kimoja cha kulinda njia ya umeme katika kituo cha Sir Adam Beck, upande wa Kanada wa maporomoko ya Niagara, kilikata njia moja. Mzigo ukahamia njia nyingine, nazo zikazidiwa, na ndani ya dakika chache watu milioni 30 wakawa gizani, New York ikiwemo. Ukitaka mfano wa nyumbani, wanafunzi wako watacheka lakini wataelewa: tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilikosa umeme kwa zaidi ya saa tatu baada ya tumbili kuangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Tumbili alisalimika. Hapo pete zote ni za chuma, maana umeme wenyewe ndio uliopita kutoka waya hadi waya.

Sasa tukikague kipindi chako cha nane.

Burke anapitia majeshi ya Ulaya ya kale, mikuki mirefu ya Waswisi, kisha bunduki, kisha majeshi makubwa yanayokula kuliko nchi wanayopita inavyoweza kuwalisha. Hapo anaingia Mfaransa Nicolas Appert, mtengeneza peremende na vyakula, aliyejaza chakula kwenye chupa za kioo, akaziziba barabara kwa kizibo, akazichemsha majini kwa saa kadhaa. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aiandike na kuichapisha njia yake ili kila mtu aisome. Mwaka huohuo Peter Durand akachukua hataza Uingereza ya kutumia vyombo vya bati badala ya kioo, na ilipofika mwaka 1813 Bryan Donkin na wenzake walikuwa na kiwanda cha makopo Bermondsey, London. Pete hii ni ya chuma kabisa: kuna kitabu, kuna hataza, kuna kiwanda. Waambie wanafunzi pia kwamba Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Maelezo ya vijidudu yalikuja na Louis Pasteur, nusu karne baadaye. Jambo hili litajirudia, uliweke akilini.

Kutoka kwenye kopo Burke anavuka bahari hadi Florida, Marekani, kwa daktari John Gorrie. Daraja lake ni wazo la hewa mbaya: chakula kikioza husemwa ni hewa mbaya, na homa nazo husemwa zinaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Neno lenyewe malaria ni Kitaliano, maana yake ndiyo hiyo, hewa mbaya. Simamisha picha hapa, mwalimu. Nani alimkabidhi nani nini? Donkin hakumkabidhi Gorrie chochote. Wazo la hewa mbaya lilikuwepo karne nyingi kabla ya kopo la kwanza, na Gorrie angelipata hata kama nyama ya kopo isingekuwepo duniani. Pete hii ni ya karatasi. Mwanafunzi wako angeweza kuikata kwa kidole.

Lakini usimpite Gorrie haraka, maana kisa chake kinatuhusu sisi tunaoishi na malaria. Alikuwa daktari katika bandari ndogo ya pamba iitwayo Apalachicola, miaka ya 1840. Wagonjwa wake waliungua kwa homa kila kiangazi. Aliona homa hupungua msimu wa baridi unapoingia, akahitimisha kwamba baridi ndiyo dawa. Akawa anatundika beseni la barafu chini ya dari ya chumba cha wagonjwa ili hewa baridi iwashukie. Barafu ililetwa kwa meli kutoka maziwa ya kaskazini, ghali, na meli ikichelewa hakuna barafu. Ndipo akaamua kuitengeneza mwenyewe.

Hapa waonyeshe kwa mikono. Chukua pampu ya baiskeli, ziba mdomo wake kwa kidole, sukuma kwa nguvu mara ishirini hivi, kisha mpe mwanafunzi ashike kitako chake: kina moto. Halafu chukua tairi lililojaa, bonyeza ile pini ya tundu la kujazia upepo, weka kidole mbele yake: upepo unaotoka ni wa baridi. Mashine ya Gorrie ndiyo hiyo. Ilibana hewa ikapata moto, maji yakauondoa moto huo, kisha hewa ikaachiwa itanuke na kupoa hadi ikagandisha maji yaliyoizunguka. Alipewa hataza namba 8080 tarehe 6 Mei 1851. Mfadhili wake akafariki, watu wakamdhihaki, naye akafa mwaka 1855 bila kuona faida yoyote. Leo sanamu yake imesimama katika jengo la Bunge la Marekani.

Na alikosea. Baridi haikuwa dawa ya malaria. Mbu ndiye aliyekuwa akipungua msimu wa baridi, na hilo halikuthibitishwa hadi Ronald Ross alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu, huko India, mwaka 1897. Kwa hiyo Gorrie alibuni mashine sahihi kwa sababu isiyo sahihi, kama Appert alivyohifadhi chakula bila kujua kinachokiozesha. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Tumezoea kusema "aligundua" kwa kila kitu, lakini kugundua ni kukibaini kilichokuwepo, na kubuni ni kukitengeneza kisichokuwepo. Ross aligundua. Gorrie alibuni. Ukiwazoesha vijana tofauti hiyo tu, umewapa kitu kitakachowafaa hata nje ya Historia.

Kutoka kwa Gorrie, Burke anakwenda Ujerumani kwa watengeneza bia. Bia yao inachachushwa kwenye baridi, na wakati wa joto ilikuwa taabu. Carl von Linde, profesa wa Munich, akawatengenezea mashine za kupoza katika miaka ya 1870, na mwaka 1879 akafungua kampuni yake. Mtazamaji anabaki na picha kwamba Linde aliipokea kazi ya Gorrie na kuiendeleza. Sivyo. Mashine za Linde hazikutumia hewa iliyobanwa, zilitumia kimiminika kinachogeuka mvuke na kurudi kimiminika, kama friji ya leo, na njia hiyo ina ukoo wake tofauti: Jacob Perkins alichukua hataza yake London mwaka 1834, na James Harrison akaunda mashine zake Australia katika miaka ya 1850.

Kinachonisisimua mimi ni kwamba mkono wa Gorrie ulimfikia Linde kweli, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 1857 mhandisi William Siemens, Mjerumani aliyehamia Uingereza, aliichunguza mashine ya aina ya Gorrie, akapendekeza kwamba hewa baridi inayotoka ipitishwe kando ya hewa inayoingia, ili hewa iingie ikiwa tayari imepoa, na kila mzunguko ushuke chini kuliko uliotangulia. Linde alipofanikiwa mwaka 1895 kuigeuza hewa kuwa kimiminika kwa wingi, alitumia wazo hilohilo la kuipozesha inayoingia kwa inayotoka. Bia ilimpa Linde fedha, karakana na jina. Njia ya kuipoza hewa hadi ikawa kama maji ilitoka upande wa Gorrie na Siemens. Pete ya chuma ilikuwepo, Burke aliipita akashika ya jirani yake.

Kisha inakuja ile sehemu ambayo naamini ilishangiliwa darasani kwako, maana hakuna nyumba Afrika Mashariki isiyokijua kitu hiki: chupa ya chai.

James Dewar, Mskoti, alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution, London. Shida yake ilikuwa kuhifadhi oksijeni iliyogeuzwa kimiminika. Oksijeni hiyo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo ukiiweka mezani kwenye chombo cha kawaida, joto la chumba tu linatosha kuichemsha kama sufuria iliyo jikoni. Mwaka 1892 alichukua chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zikiwa zimeunganishwa mdomoni, akanyonya hewa yote iliyokuwa kati yao. Joto linahitaji kitu cha kupitia, na pale katikati hapana kitu. Kinachobaki ni joto linalosafiri kama mwanga wa jua unavyosafiri, na hilo linarudishwa na kioo kilichopakwa fedha kama kioo cha kujitazamia. Kwa chupa kama hizo Dewar aliweza kuigeuza hata haidrojeni kuwa kimiminika, mwaka 1898, kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri.

Dewar hakuchukua hataza. Mjerumani Reinhold Burger, fundi wa vioo aliyekuwa akitengeneza vyombo vya kuwekea hewa ya kimiminika, aliona kwamba chupa isiyoruhusu joto kuingia hairuhusu joto kutoka pia. Akaivika ganda la bati ili isivunjike, akachukua hataza mwaka 1903, na mwaka uliofuata jina Thermos likaingia sokoni. Chupa iliyobuniwa kulinda baridi kali kuliko zote sasa inalinda chai ya maziwa msibani na uji wa mgonjwa hospitalini. Muuza kahawa wa Zanzibar bado anabeba dele lake na makaa ya moto chini. Yeye anaongeza joto, chupa inazuia joto lisiondoke, na vijana wakiwekewa viwili hivyo kando kwa kando wataelewa somo la joto bila ubao.

Pete za Dewar na Burger ni za chuma. Sasa ile picha ya roketi.

Burke anasimama Cape Canaveral, Florida, uwanja wa kurushia roketi, anaeleza kwamba ukihifadhi gesi mbili zinazowaka kwenye chupa kubwa kama ya chai, ukazichanganya na kuziwasha, utapata... anaelekeza kidole, na roketi inanyanyuka nyuma yake saa ileile. Ilikuwa roketi ya Titan iliyobeba mojawapo ya vyombo vya Voyager, vilivyotumwa kwenye sayari za mbali, mwaka 1977. Hawakuwa na nafasi ya kurudia. Nimeitazama mara nyingi na bado nashika pumzi, kwa sababu mtu yule alipima maneno yake kwa sekunde, na kidole kikifika hewani moto unawaka. Kama kazi ya televisheni, sijaona iliyoizidi.

Lakini mkaguzi wetu hawezi kupiga makofi na kuondoka. Moto unaouona nyuma ya Burke hautokani na haidrojeni wala oksijeni ya kimiminika. Titan ile iliondoka ardhini kwa mitungi miwili ya pembeni yenye baruti ngumu. Sehemu iliyotumia haidrojeni na oksijeni, iitwayo Centaur, ilikuwa juu kabisa, nayo iliwashwa baadaye, mbali na macho ya kamera. Na tangi la roketi si chupa ya chai. Ya chai hasa ilikuwa ardhini: lile pipa la mviringo la kuhifadhia haidrojeni lililojengwa kwa ajili ya roketi za mwezini lina kuta mbili zilizonyonywa hewa katikati, na linachukua zaidi ya lita milioni 3. Kwa hiyo pete ipo, na ni ya chuma. Burke amening'iniza tu picha isiyo yake.

Hapo ndipo jibu la binti yako linapokaa. Ndiyo, mtu anaweza kuunganisha chochote na chochote, akianza mwisho na kurudi nyuma, maana kila kitu kina jirani. Burke anajua tayari kwamba anakwenda kwenye roketi. Watu waliokuwa njiani hawakujua. Appert hakuwa anaelekea mwezini. Historia inaanza pale unapokubali kupoteza pete nzuri kwa sababu ushahidi wake haupo.

Kuna kipindi ambacho ningekuonya zaidi, nacho ni cha tatu. Burke anategemea sana hoja kwamba vikuku vya tandiko, pale mpanda farasi anapotia miguu, ndivyo vilivyozaa mashujaa wa mikuki na hatimaye mfumo mzima wa ukabaila Ulaya. Hoja hiyo ilitolewa kwa nguvu na mwanahistoria Mmarekani Lynn White mwaka 1962. Mwaka uliofuata wanahistoria Hilton na Sawyer waliikosoa vikali, na Bernard Bachrach akaendelea mwaka 1970: ushahidi wa vikuku katika jeshi la Wafaranki, watawala wa Ufaransa ya karne ya nane, ni haba, na ukabaila una mizizi mingi zaidi ya kifaa kimoja. Kipindi kilitengenezwa miaka kadhaa baada ya ukosoaji huo, na mtazamaji hasikii hata neno. Kitu hakiendeshi watu peke yake. Vikuku vilevile vilifika kwa jamii nyingi, na si zote zilizogeuka makabaila.

Ila kasoro inayoniuma zaidi si hiyo. Mnyororo wa Burke hupita kwa mbunifu, mfadhili, jenerali, mfalme, kisha mbunifu mwingine. Mara chache unapita kwa aliyelipa gharama. Nitakupa mnyororo ninaoutumia mimi, nawe waambie vijana waukague kwa kanuni ileile.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alichukua hataza ya tairi la upepo. Mskoti mwingine, Robert Thomson, alikuwa na hataza kama hiyo tangu miaka ya 1840, lakini haikushika, kwa sababu baiskeli za kuihitaji hazikuwepo. Safari hii zilikuwepo. Watu Ulaya na Marekani wakanunua baiskeli kwa fujo, kisha magari yakafuata, na mahitaji ya mpira yakapaa. Mashamba ya mpira ya Asia yalikuwa bado machanga. Mpira wa pori ulikuwa Amazon na katika misitu ya Kongo, nchi ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vikapangiwa kiasi cha kuleta. Wanawake wakashikwa mateka hadi waume zao warudi na mpira. Askari walitakiwa kuonyesha mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyotumia. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mzee Nsala ameketi barazani akitazama mkono mdogo na mguu mdogo. Vilikuwa vya bintiye.

Nani alimkabidhi nani nini? Hapa ushahidi upo mkononi. Karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alipokuwa akikagua hesabu za mizigo, aliona meli zinazotoka Kongo zikifika Antwerp, bandari ya Ubelgiji, zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zinazorudi zikibeba zaidi bunduki na risasi. Hakukuwa na bidhaa za kuulipia mpira ule. Karatasi za bandarini ndizo zilizomwambia kwamba watu wanafanyishwa kazi kwa mtutu. Kampeni alizoanzisha yeye na wenzake zilichangia Leopold kunyang'anywa nchi ile mwaka 1908. Waulize vijana wako ni wangapi waliofika shuleni kwa baiskeli, na nani kwao huvaa makatambuga ya tairi. Mnyororo huu hautawatoka.

Nyongeza nyingine wanayostahili: Septemba 1978, mwezi mmoja tu kabla Burke hajaanza kurushwa, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la *Science* habari za wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Wazee wa Kihaya walikuwa wamewajengea upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa namna ya mababu, na mabaki yaliyofukuliwa yakaonyesha kazi hiyo ilikuwepo huko tangu miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mirija ya udongo ya mivukuto iliingia ndani kabisa ya tanuri, na watafiti hao walisema kwamba hewa ilipata moto mirijani kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu kiasi cha moto huo, na ubishi huo ufundishe pia. Chuma chenyewe hakibishaniwi. Vipindi vyote kumi havina habari hii.

Kuhusu mkuu wako wa idara, sidhani mnahitaji kugombana. Mwombe ajibu swali moja la mtihani: nani alibuni friji? Akisema Perkins, 1834, London, yuko sawa kwa sehemu. Akisema Gorrie, 1851, Florida, vilevile. Harrison na Linde nao wana madai yao. Mwanafunzi aliyeukagua mnyororo ana majina yote manne, miaka na miji yao, na anajua kila mmoja alifanya nini. Nani, lini na wapi zimo zote, zimeshikizwa mahali pasipobanduka.

Onyesha kipindi cha kwanza na cha nane, cha tatu kama una muda wa kubishana nacho, na usikionyeshe kwa mkupuo mmoja: dakika kumi, simamisha, kagua. Na kabla ya cha nane, tafuta chupa ya chai iliyoacha kutunza joto, haikosekani mtaani. Fungua ganda lake, toa kioo taratibu ukiwa umevaa glavu nene au umekizungushia taulo, na usimpe mwanafunzi akishike. Kigeuze. Kwenye kitako utaona ncha ndogo ya kioo, kama chuchu, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Hapo ndipo hewa iliponyonywa na kioo kikafungwa kwa moto. Ikiwa ncha imekatika, hewa imerudi ndani, na ndiyo sababu chai ilipoa. Waache waiangalie mmoja mmoja, kisha washa televisheni.